“Kichwa ni Changu”: Je, Kuvaa Helmeti Kwenye Baiskeli ni Hiari ya Mtu?

Leo tunagusa jambo ambalo wengi hawategemei kulikuta kwenye somo la dini: helmeti, au kofia ngumu, ya kuendeshea baiskeli.

Kwenye pikipiki ubishi si mkubwa. Sheria inajulikana, trafiki wapo, faini ipo. Baiskeli ndiyo penye mjadala. Kijana anatoka alfajiri na baiskeli yake kwenda chuoni, kazini, sokoni na madumu ya maziwa nyuma, au kigangoni kuwahi Misa ya kwanza, na kwa kawaida hakuna askari atakayemsimamisha kumuuliza kofia iko wapi. Kwa hiyo ukimwambia avae, majibu anayo mdomoni: “Kichwa ni changu.” “Mungu atanilinda.” “Ajali haina kinga.” “Siku yangu ikifika imefika, hata nikivaa sufuria!”

Tunacheka, lakini hebu tuyasikilize vizuri majibu hayo. Ndani yake kuna maswali mazito: mwili huu ni wa nani? Mungu anatulindaje? Uhuru ni nini? Hayo ni maswali ya imani, na ndiyo tutakayoyapitia leo, moja baada ya jingine.

1. KIKANISA CHENYE BAISKELI ILIYOPINDA

Kaskazini mwa Italia, juu ya kilima karibu na Ziwa Como, kuna kikanisa kidogo kinachoitwa Madonna del Ghisallo. Tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ukiingia humo unakuta fulana za mabingwa na baiskeli zao ukutani, zimewekwa kwa heshima ya Mama. Kati ya baiskeli hizo kuna moja iliyopinda. Ilikuwa ya Fabio Casartelli.

Fabio alikuwa Mwitaliano, bingwa wa mbio za barabarani katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995, akiwa na miaka 24, alikuwa kwenye mashindano ya Tour de France, akiteremka mlima wa Portet d'Aspet katika safu ya Pyrenees. Waendeshaji kadhaa walianguka pamoja. Fabio aligonga kichwa kwenye kizuizi cha zege kando ya barabara. Hakuwa amevaa helmeti. Alifariki siku hiyohiyo, akaacha mke na mtoto mchanga. Wapo waliobishana kama helmeti ingemwokoa, maana pigo lenyewe lilikuwa kubwa mno. Sisi hatuhitaji kuumaliza ubishi huo. Tunahitaji kuuliza tu: kwa nini hakuwa ameivaa?

Jibu ni kwamba wakati ule ilikuwa hiari. Mwaka 1991 UCI, chama cha kimataifa kinachosimamia mbio za baiskeli, kilijaribu kuifanya lazima. Waendeshaji wakagoma kwenye mbio za Paris–Nice. Walilalamikia joto. Na zaidi ya hapo walisema: sisi ni watu wazima, hii ndiyo kazi yetu, tuachieni tuamue. UCI ikarudi nyuma. Fabio akafa mwaka 1995, na hiari ikaendelea. Mwezi Machi 2003, kwenye mbio hizohizo za Paris–Nice, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila helmeti, akafariki kesho yake. Mwezi Mei mwaka huohuo UCI ikaifanya lazima. Mwanzoni waliruhusiwa kuivua kwenye mpando wa mwisho wa mlima. Baadaye hata ruhusa hiyo ikafutwa.

Kutoka mgomo hadi sheria ilipita miaka 12. Ndugu yangu, waliogoma hawakuwa wajinga. Walizijua baiskeli kuliko mimi na wewe. Ila swali walilolishikilia lilikuwa “nani ana haki ya kunilazimisha?” Hilo ni swali halali. Mkristo anapaswa kujiuliza na la pili: hata kama hakuna wa kunilazimisha, upendo unanidai nini?

2. HELMETI INAFANYA NINI HASA?

Kabla ya kwenda kwenye mafundisho, tujue tunazungumzia kitu gani. Helmeti ya baiskeli kwa ndani ni plastiki nyeupe nyepesi yenye povu, inayofanana na ile inayowekwa kwenye boksi la televisheni mpya. Kazi yake ni kubonyea. Kichwa kinapogonga chini, povu linapondeka, na katika muda huo mfupi sana linapunguza nguvu ambayo ingeingia moja kwa moja kwenye fuvu na ubongo. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai tena, hata kama kwa nje inang'aa. Imeshafanya kazi yake, mara moja.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2016 ulitolewa uchambuzi uliounganisha tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000. Waliovaa helmeti walionekana kuwa na uwezekano mdogo wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 51, na kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 69, kuliko wasiovaa. Si asilimia 100. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli huzipima kwa pigo la mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa. Hakizipimi kwa lori linalokuja kwa kasi. Kwa hiyo tusiifanye hirizi. Inapunguza hatari, haiifuti. Anayevaa helmeti halafu akaendesha kama kichaa hajaelewa kitu.

3. “KICHWA NI CHANGU”

Haya sasa, tuanze na jibu la kwanza. Ni kweli kichwa ni chako, maana si cha jirani. Lakini je, ulijiumba? Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho (1Kor 6:19-20) kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba sisi si mali yetu wenyewe, kwa kuwa tumenunuliwa kwa gharama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2280, inafundisha kwamba sisi ni mawakili wa uhai tuliokabidhiwa na Mungu, si wamiliki wake. Namba 2288 inaendelea: uhai na afya ni zawadi za thamani, na tunapaswa kuzitunza kwa kiasi kinachofaa, tukiangalia pia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote.

Fikiria umeazimwa baiskeli na mjomba wako. Utaiacha nje usiku kwenye mvua kwa sababu sasa iko mikononi mwako? Hapana. Utaitunza kuliko hata ungekuwa umeinunua, maana siku moja itarudi kwa mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa uhai.

Halafu kuna upande mwingine. Kichwa ni chako, lakini kikipasuka, ni nani atakayekaa wodini usiku? Ni mama. Ni nani atakayeuza ng'ombe au kukopa kikoba ili ulipiwe kipimo cha kichwa? Ni baba na ndugu. Ni nani atakayeacha shule kwa sababu kaka aliyekuwa analipa ada sasa hawezi kusema vizuri? Ni mdogo wako. Maumivu ya kichwa chako hayaishii kwenye kichwa chako. Ndiyo maana Katekisimu inataja mahitaji ya wengine hapohapo inapotaja afya yako.

4. “MUNGU ATANILINDA”

Jibu hili linasikika kama imani. Lakini soma Injili ya Mathayo 4:5-7. Shetani anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, na anamsomea Maandiko: ile Zaburi ya 91 inayosema malaika watamchukua. Angalia vizuri. Shetani alitumia ahadi ya ulinzi wa Mungu kumshawishi mtu acheze na uhai wake! Na Yesu alikataa. Alimjibu kwamba Mungu hapaswi kujaribiwa. Kumtegemea Baba kwake hakukuwa na maana ya kuruka.

Mungu anatulinda, tena kila siku. Lakini mara nyingi anatulinda kwa mikono ya watu: mkunga, daktari, mwalimu, fundi aliyekaza breki zako, hata yule mhandisi aliyekaa akapima povu linabonyeaje. Ukisali rozari asubuhi halafu ukaivaa helmeti yako, hujapunguza imani. Umepokea jibu la sala yako na kulifunga kidevuni.

5. “AJALI HAINA KINGA”

Msemo huu tunausema sana misibani, na mara nyingi tunausema kwa huruma, kuwafariji wafiwa wasijilaumu. Hapo una nafasi yake. Shida ni pale tunapoutumia kabla ya ajali, kama sababu ya kutofanya chochote. Wahenga walewale walituachia pia: tahadhari kabla ya hatari.

Biblia ina sheria moja ndogo inayonivutia sana. Iko kwenye Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa, watu walipanda juu kupumzika, kuanika, hata kulala. Mungu akawaagiza: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka paa, ili mtu akianguka, damu yake isiwe juu ya nyumba yako. Unaona? Mungu hakusema “atakayeanguka ni siku yake imefika.” Alisema jenga ukingo. Aliyejua hatari akaacha kuweka ukingo, alihesabiwa kuwa na deni.

Helmeti ni ukingo wa paa. Haizuii usianguke, shimo la barabarani litabaki palepale, na mbwa atakatiza palepale. Inazuia kuanguka kusiwe mwisho. Ajali inaweza kukosa kinga, lakini kichwa kinaweza kupata.

6. “NI UAMUZI WANGU”

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu, na tuwe wakweli: wanaotetea hiari wana hoja.

Australia ndiyo nchi ya kwanza kuifanya helmeti ya baiskeli kuwa lazima, ikianza na jimbo la Victoria tarehe 1 Julai 1990. Hadi leo wataalamu wanabishana: wapo wanaosema majeraha ya kichwa yalipungua, na wapo wanaosema sheria iliwafanya watu wengine waache kuendesha, wakakosa mazoezi na afya. Uholanzi watu wengi wanaendesha kila siku bila helmeti na bila kulazimishwa, lakini wamejengewa njia zao, mbali na magari. Kule Marekani, eneo la King County, ambako uko mji wa Seattle, walifuta sheria yao ya helmeti mwaka 2022, baada ya kuonekana kwamba polisi walikuwa wakiitumia zaidi kwa watu wasio na makazi na watu weusi.

Kwa hiyo suala la serikali ilazimishe au isilazimishe ni suala la busara, na Wakatoliki wema wanaweza kutofautiana. Kanisa halina dogma ya helmeti! Tena tusikubali helmeti iwe kisingizio. Dereva anayemsukuma mwendesha baiskeli hadi mtaroni asijifiche nyuma ya neno “hakuvaa kofia.” Anayejenga barabara bila kufikiria watembea kwa miguu na baiskeli naye ana maswali ya kujibu. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililokuwa likihudumia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa huduma za kichungaji barabarani, wenye amri kumi za dereva. Mbili kati yake zinahusu kumlinda aliye dhaifu zaidi barabarani na kujiona una wajibu kwa wengine. Zinamgusa mwenye gari kwanza.

Sasa twende taratibu. Kusema “sheria hainilazimishi” ni jambo moja. Kusema “kwa hiyo haijalishi nichague nini” ni jambo jingine kabisa. Wakorintho walikuwa na kaulimbiu yao kwamba mambo yote ni ruksa. Paulo hakubishana nao kuhusu ruksa. Aliwaambia kwamba si kila kilicho ruksa kinafaa wala kujenga, na kwamba mtu asitafute faida yake peke yake bali ya mwenzake (1Kor 10:23-24). Katika imani yetu uhuru hukua mtu anapochagua mema bila kusukumwa. Pale ambapo sheria imenyamaza, ndipo dhamiri yako inapopewa nafasi ya kusema. Mambo mengi mazuri ya maisha yetu hayana askari: hakuna trafiki wa kukukamata usipomsalimia bibi yako, wala usiposali kabla ya kula.

Kwa hiyo, ni hiari? Ndiyo, mahali pengi ni hiari. Na hiari hiyo utaitolea hesabu kama hiari nyingine zote.

7. JE, KUTOKUVAA NI DHAMBI?

Najua swali hili litaulizwa, kwa hiyo tulijibu. Katekisimu namba 2290 inasema wazi kwamba mtu anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kupenda mwendo wa kasi kupita kiasi anabeba hatia kubwa. Helmeti ya baiskeli haitajwi. Kwa hiyo usiende kuwahesabia wenzako dhambi zao getini mwa kanisa.

Kuna mzee wa kijijini ambaye ameendesha baiskeli moja miaka 40 na hajawahi kuiona helmeti dukani. Kuna dada ambaye bei ya helmeti ni chakula cha nyumbani kwake cha siku kadhaa. Mungu anamdai mtu kadiri ya anachokijua na anachokiweza. Namba 2288 yenyewe inataka matunzo ya kiasi kinachofaa, na namba 2289 inatuonya tusiuabudu mwili.

Lakini kama unajua, unaweza, na helmeti imetundikwa ukutani, halafu unaiacha kwa sababu inaharibu nywele au washikaji watacheka? Basi hilo lipeleke kwenye sala ya kuchunguza dhamiri. Si la kulilia usiku kucha, ila si la kulipuuza. Busara ni fadhila, na ni ya kwanza kati ya zile nne kuu: Busara, Haki, Nguvu na Kiasi.

8. TUFANYE NINI?

• Ivae sawasawa. Ikae usawa wa paji la uso, kama vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya sherehe. Mikanda ikutane chini ya sikio kila upande. Funga kidevuni hadi kidole kimoja au viwili tu vipite. Helmeti isiyofungwa itakuacha kabla hujafika chini.

• Kuwa makini na mtumba. Ikague ndani, ukiona ufa au povu lililobonyea, iache. Usipojua historia yake, afadhali utafute nyingine.

• Usiishie kichwani. Breki, taa au kiakisi mwanga, kengele, na kutoendesha umelewa. Helmeti ndiyo kinga ya mwisho, hizi zinatangulia.

• Wasaidie wengine. Kikundi cha vijana parokiani kinaweza kuchangishana kidogokidogo, kama tunavyochangia sare za kwaya, tukawanunulia helmeti wenzetu wanaotegemea baiskeli kwa riziki. Huo nao ni utume.

• Anza na mdogo wako. Mtoto haulizwi hiari; anaiga. Akikuona kaka au dada unafunga mkanda kila asubuhi bila kuonewa aibu, umeshamfundisha.

MASWALI YA KUTAFAKARI (peke yako au kwenye jumuiya)

1. Kati ya majibu manne tuliyoanza nayo, lipi ndilo langu? Linaficha nini: uvivu, aibu, umaskini, au imani isiyoeleweka vizuri?

2. Nikiumia leo, ni watu gani watano watakaobeba mzigo wangu? Wataje kwa majina.

3. Ni “ukingo wa paa” upi mwingine ambao sijaujenga maishani mwangu, kwa sababu tu hakuna sheria inayonilazimisha?

SALA

Ee Baba mwema, uhai huu ni wako, nami umenikabidhi niutunze. Nisamehe kila nilipouchezea na kuuita uzembe wangu imani. Unipe busara ya kuchagua mema hata pale ambapo hakuna anayeniangalia. Wafanye madereva wawe na macho ya huruma, wafariji waliopoteza ndugu zao barabarani, na uwapokee marehemu wote wa ajali katika amani yako. Bikira Maria, uliyekwenda kwa haraka milimani kumtumikia Elisabeti, utusindikize tunapokwenda na tunaporudi, tufike nyumbani salama kwa wanaotusubiri. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Ukiimaliza sala hii, kaikague helmeti yako. Na kama bado huna, mshirikishe mwenzako mmoja wiki hii, muanze kuitafuta pamoja. Tukutane kwenye somo lijalo. Tumsifu Yesu Kristo!